Mwisho wa Wimbo wa Mavyaa

Watu wakitaka kunifurahisha huniambia, "Mama, jana tulimsikia mzee wako redioni." Wanadhani wamenipa tunu. Mimi hujibu ahsante, maana nililelewa na adabu, lakini moyoni nasema laiti ningekuwa na uwezo wa kuuzima wimbo ule katika kila redio iliyoko pwani hii. Wimbo ule ulimpa mume wangu jina, na ukampa mamake kaburi. Vijana wanaoandika habari za muziki wa zamani huja hapa, wakanywa chai yangu, wakaniuliza gitaa lake lilikuwa la rangi gani.

Lilikuwa jekundu. Haya, sasa nisikilizeni niseme yaliyo muhimu.

Mimi ni mtu wa Kisauni. Baba alikuwa na duka la vitambaa, na ingawa tulikaa ng'ambo ya daraja, tulijihesabu watu wa mjini. Kiswahili chetu tulikiona ndicho Kiswahili, cha wengine kubabaisha tu. Basi nilipoposwa na Mdigo wa Likoni, mchana kibarua wa reli kule Changamwe na jioni mpiga gitaa, baba alicheka mpaka akavua kofia. "Mpiga gitaa!" akasema. "Kisha anaimba Kidigo! Angalau angeimba Kihindi, tungefuata mawili matatu." Mama ndiye aliyenishikia bendera. Alimwambia baba kwamba binti huyu ana ulimi wa moto, na akipatikana mwanamume wa kuuvumilia asirudishwe mlangoni. Nikaolewa, nikahamia kwao Timbwani, hapo Likoni, na ulimi wangu nikauchukua.

Siku zile wapiga gitaa wote wa Mombasa walikuwa wakipiga rumba na chacha, na kuimba mapenzi ya wanawake wasiowajua. Mume wangu akaja na lake. Alizichukua ngoma za kwao, zile za mavuno, za arusi na za kumuaga mtu anayesafiri, akazitia katika nyaya za gitaa la umeme. Pembeni yake akamkalisha mpiga kayamba. Kayamba ni matete yaliyofumwa bapa, ndani mna mbegu, ukilitikisa linatoa sauti ya mvua juu ya makuti. Mara ya kwanza walipopiga hivyo kwenye ukumbi wa dansi pale Kisauni, nilikuwa nimesimama mlangoni, na mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Lo! Tumekuja kucheza dansi au tumekuja kupungwa pepo?" Ukumbi mzima ukacheka. Lakini kabla ya nyimbo mbili kwisha, huyo mcheshi alikuwa katikati ya ukumbi, jasho likimtoka, na shati keshalifungua vifungo. Nilifurahi kweli. Nilijiona nimeolewa na mtu.

Nyumbani tulikaa na mavyaa wangu, mama wa mume. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, aliyekaanga mihogo na kuuza pale karibu na kivuko. Hakunipenda mwanzo, na hakuficha. "Mkaza mwanangu," ataniambia nikiwa juu ya mbuzi, "nazi hiyo unaikuna au unaibembeleza?" Nami simwachii: "Mama, kwetu nazi zilikunwa na watumishi." Atacheka mpaka ashike ubavu. Mtu akiweza kucheka na wewe jikoni, yaliyobaki ni mepesi. Haukupita mwaka tukawa kitu kimoja, na mume wangu akawa yeye ndiye mgeni baina yetu.

Mavyaa alikuwa na pepo. Nalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakulionea haya. Lilimjia ujanani, baada ya kuzika watoto wake wa kwanza, na mganga mmoja mwanamke wa huko Timbwani ndiye aliyemtengeneza wakaweza kukaa pamoja. Mavyaa akiswali swala zake zote na kufunga Ramadhani yake. Sheikh wa msikitini alipomkemea, akamjibu, "Shehe wangu, sikumwita mimi. Amekuja mwenyewe. Mgeni akishaingia ndani utamfanyaje? Humpi kiti?" Kuamini au kutoamini si kazi yangu. Mimi nasema niliyoyaona.

Niliyoyaona ni haya. Mara chache katika mwaka mavyaa ataanza kupiga miayo, shingo ilegee, mato yapinduke, na sauti yake igeuke ikawa nzito, ya mzee wa kiume asiyependa kungojezwa. Hali, hanywi. Hapo hupigwa wimbo wake. Kila pepo ana wimbo wake, na huu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza inamwita: mgeni umefika, keti, sema ulilojia. Hiyo inakwenda mbio mno, hata mtu asiye na pepo hatulii mahali pake. Akishasema yake, hupigwa ya pili, ya kumshusha: mgeni umekula, mgeni umekunywa, mlango u wazi, nenda salama utuache salama. Hii inakwenda polepole, inapungua, inapungua, mpaka linabaki kayamba peke yake, kisha hakuna kitu. Ndipo mavyaa hupiga chafya, akaomba maji. Akiomba maji sote tunashusha pumzi, maana amerudi. Na kuna sharti moja wanalolijua Wadigo wote: aliyempandisha ndiye amshushe. Mwingine akijaribu anaweza kumvunja mwele, mgonjwa asirudi tena.

Mume wangu ndiye aliyempigia mamake tangu yule mganga alipozeeka mikono. Aliujua wimbo ule kuliko alivyonijua mimi. Na ulikuwa mzuri, wallahi, haiwezekani kusema ulikuwa mbaya. Mpiga muziki na wimbo mzuri ni paka na samaki.

Mjini palikuwa na Mhindi mwenye duka la santuri ambaye nyuma ya duka aliweka mashine ya kunasia sauti, kuta amezitundika mablanketi. Alimsikia mume wangu dansini akamwita. Walinasa nyimbo za mavuno, zikauzwa kidogo. Akataka kitu cha moto zaidi. Mume wangu akampigia ule wa mamake, wote, mwanzo hadi mwisho. Mhindi akaruka kwenye kiti. "Huu!" akasema. "Lakini mrefu. Santuri haiwezi. Kata."

Sasa tazameni jinsi mtu anavyoweza kupotea kwa kujua. Asiyejua mambo ya pepo angekata popote. Mume wangu alijua, akafikiri, akaona amepata ufumbuzi. Tulipokuwa kwenye feri tukirudi alinieleza, uso umejaa nuru. Alisema: wimbo wa pepo ni wimbo kwa kuwa umetimia, una kupandisha na una kushusha. Ukiuondoa mwisho, si ngoma ya mtu tena, ni muziki tu. Kwa hiyo amekata mwisho kwa heshima, ili asilichezee pepo la mamake. Mimi nikamwambia hilo jambo la busara. Nani angesema lingine? Hata mavyaa mwenyewe alipoambiwa, alitikisa kichwa akasema, "Maadamu hamkuutimiza, si wangu huo."

Ukatoka. Jamani, ukatoka! Ukapigwa Likoni, ukapigwa Changamwe, ukapigwa Kisauni mpaka baba yangu akausikia dukani mwake, akauliza ni nani huyu, akaambiwa ni mkwe wako, akavua kofia bila kucheka. Siku zile watu walikuwa wakipeleka salamu redioni, fulani anamsalimu fulani na angependa kusikia wimbo fulani, na kila aliyepeleka salamu alitaka huo. Mume wangu akawa hawezi kupita sokoni. Akaacha kazi ya reli. Akanunua gitaa lile jekundu.

Siku ya kwanza ulipomkuta mavyaa ilikuwa asubuhi, amekaa mbele ya karai lake la mihogo, mafuta yanachemka. Hoteli ya chai iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na redio mpya. Ukaanza ule wimbo. Wanawake waliokuwa naye waliniambia alipiga mwayo mmoja, wa pili, akasema, "Mbona ananiita hapa?" kisha akaanguka ubavu. Alhamdulillahi alianguka upande usio wa karai. Wakamleta nyumbani juu ya mkokoteni, mato yamepinduka, na ile sauti ya mzee inauliza, "Nimeitwa. Nani kaniita? Mbona simwoni?" Mume wangu alikuwa kwenye mazoezi. Alipokuja alichukua kayamba, akapiga mwisho wa wimbo, tena na tena, mpaka mamake akapiga chafya na kuomba maji. Kisha mavyaa akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mihogo yangu nani anaitazama?" Tulicheka. Tulidhani imekwisha.

Mganga wa kike alikuwa bado hai, kikongwe, amekaa tu kwenye mkeka wake. Mume wangu alimweleza alivyofikiri, kwamba wimbo usio na mwisho si wimbo wa pepo. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umejenga nyumba ya mlango mmoja, nao ni wa kuingilia. Umeacha pa kutokea." Nilimtazama mume wangu, nikaona uso wake umeingia uzee palepale.

Basi hapo ndipo maisha yetu yalipogeuka. Ule wimbo haukuwa wetu tena, ulikuwa wa kila mwenye redio, na kila ulipopigwa karibu na mavyaa, alikwenda. Alikuwa akipanda mara chache kwa mwaka, sasa ikawa wiki haipiti. Na kwa kuwa sauti iliyomwita ni ya mwanawe, ni mwanawe tu aliyeweza kumshusha. Mume wangu akawa mfungwa. Akialikwa kupiga dansi Malindi, hawezi. Wakamwita Nairobi, wakamwita Dar es Salaam, hawezi. Jina lake linasafiri kotekote, na yeye hawezi kuvuka hata kivuko bila kurudi mbio. Wenziwe wa bendi walimvumilia kwanza, kisha wakaanza kumnong'ona, kisha wakamwambia usoni kwamba anaringa. Wakaondoka na spika zao. Sikuwalaumu. Ungewaambia nini? Kwamba mfalme wa dansi anakaa nyumbani kumlinda mamake na sauti yake mwenyewe?

Tulifanya kila tulilolijua. Tulimpeleka mavyaa hospitali, wakampa vidonge vya kulala, akalala, akaamka vilevile. Nilikwenda mimi mwenyewe kwa wenye hoteli za chai, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba wasiupige. Walikubali mbele yangu. Nikipinda kona tu, nausikia. Mume wangu akaenda kwa Mhindi kumsihi anase ule mwisho autie upande wa pili wa santuri. Mhindi hakuwa mtu mbaya, lakini alimwambia, "Ndugu, hii polepole nani atanunua? Watu wanataka kucheza." Kule redioni alimkuta kijana mmoja aliyevaa tai, akamsihi wauondoe. Yule kijana akadhani ni mzaha wa wasanii. "Watu wanaomba tuwapigie nyimbo zao," akasema, "wewe waomba tusipige?" Akamsindikiza mpaka nje akimpigapiga mgongoni.

Tukamhamishia Utange, kwa ndugu zake wenye shamba. Huko nako si mbali, lakini siku zile palikuwa na mihogo na miti tu. Nikakaa naye huko, mume wangu akabaki Timbwani kutafuta kazi. Mavyaa alinenepa kidogo. Akaanza kunitania tena. "Watu wa mjini jembe mnalishika kama mwiko," akaniambia, nami nikafurahi kutukanwa. Kisha akaja mgema kupanda mnazi wa jirani, shingoni amening'iniza redio ndogo ya betri ili asichoke peke yake huko juu. Nilipousikia mwanzo wa wimbo nilikimbia, nikasimama chini ya mnazi nikipiga kelele, "Zima! Zima, mwana haramu wee!" Naye kule juu akanipungia mkono, akidhani namshangilia. Tulirudi Timbwani jioni ileile, mavyaa amelala nyuma ya lori la nazi, nami nimemshika kichwa.

Nilichoka. Sitaki kujipaka asali. Niligombana na mume wangu kwa maneno ambayo hayazoleki. Nilimwambia, "Wewe na gitaa lako! Mngekufa nyote wawili tukapumzika!" Alikaa kizingitini, gitaa jekundu mapajani, halijaunganishwa na kitu, akipiga ule mwisho polepole, umekula, umekunywa, mlango u wazi. Alikuwa amekonda hata saa ilimteleza mkononi. Mavyaa ndiye aliyeniita ndani. "Abee, Mama," nikaitika. Akaniambia nimwache. "Mtoto hakunitendea ubaya. Alinipenda akakosea hesabu. Mwenye kukupenda akikosea, unampiga na wewe?" Nililia mpaka nikaona haya.

Yule bibi mganga ndiye aliyetupa tumaini la mwisho. Alisema wimbo umeita mbele ya watu wote, basi lazima ushushe mbele ya watu wote. Mume wangu aupige wote, wakausikie wale wale waliosikia nusu, na mamake akiwamo. Hapo utakuwa umetimia, na ile nusu iliyozagaa itakuwa santuri tu. Rahisi kusema. Watu wote utawapata wapi?

Mungu si Athumani. Uhuru ulikuwa umekaribia. Kwetu pwani haukuja na vicheko vitupu, maana palikuwa na ugomvi wa kama mwambao uende na bara au ukae peke yake, na ndugu walikuwa hawasalimiani kwa ajili hiyo. Lakini sherehe zilitayarishwa, na kule kisiwani katika uwanja wa michezo palitakiwa wapiga muziki. Wakaja watu wawili wamevaa suti mpaka Timbwani kumtafuta mume wangu. Walitaka wimbo mmoja tu, mnaujua ni upi. Naye hakuwauliza malipo. Aliuliza kitu kimoja: "Redioni mtautangaza hapo hapo, ukitoka kinywani mwangu, au mtaunasa kwanza?" Wakasema hapo hapo. Akauliza, "Na naweza kuupiga wote?" Wakasema, "Mzee, siku ya uhuru hiyo. Piga utakavyo."

Sijapata kuiona nyumba ile katika raha kama ya juma lile. Mume wangu aliwaendea wale wenziwe wa bendi akawapigia magoti, na wakakubali. Mavyaa alitoa nguo za pepo lake, kaniki na kitambaa chekundu, akazifukiza udi. Alikuwa dhaifu, asiweze kupelekwa uwanjani, mkono wake ungeuzungusha kwa vidole viwili, lakini alikuwa akinitania. "Leo mgeni anakwenda zake," akaniambia. "Nikishapata nafasi nyumbani, nitakukalia wewe."

Asubuhi ya siku yenyewe mume wangu alimbusu mamake mkono. "Nashikamoo, Mama. Naenda." "Marahaba, mwanangu. Nenda ukapige, uhuru hauji mara mbili." Akatoka na gitaa begani. Tukabaki wanawake, mimi, mavyaa, yule bibi mganga tuliyemleta kwa kumbeba, na majirani wamejaa uani. Tuliazima redio nzuri kutoka kwa mwenye hoteli ya chai, yule yule. Tukaiweka juu ya kiti, na mavyaa akakaa mkekani mbele yake, miguu ameinyosha, kama anayesubiri kusukwa.

Hotuba. Tarumbeta. Hotuba. Kisha mtangazaji akalitaja jina la mume wangu, na uani pakapigwa vigelegele. Gitaa likaanza. Kayamba likaingia. Nilikuwa nimeuchukia wimbo ule mpaka mifupani, lakini siku ile, wallahi, nywele zilinisimama. Hakuwa akiimba kwa ajili ya dansi. Alikuwa akiita. Mavyaa alipiga mwayo, shingo ikalegea, ile sauti ikaja: "Nimefika." Na yule bibi mganga akamjibu kwa upole, "Ngoja kidogo, baba. Leo utaagwa."

Sehemu ya kwanza ikafika kileleni. Nikalisikia gitaa linapunguza mwendo, nikalisikia neno la kwanza, mgeni, kwa sauti ya chini, na nikamshika mavyaa bega.

"Wasikilizaji wapenzi," akaingia mtangazaji, "tunaukatiza muziki huu mtamu, kwani sasa hivi gari la mheshimiwa linaingia uwanjani..."

Nyuma ya sauti yake niliusikia wimbo kwa mbali, kama mtu anayeimba chumba cha pili, kisha hata huo ukapotea. Wakaweka tarumbeta. Nikakirukia kile kiredio nikakipiga kofi, nikazungusha vifundo, nikalia, "Nyamaza! Nyamaza wewe, mwache amalize!" Majirani wakanishika. Mavyaa amekaa vilevile, mato yamepinduka, na ile sauti ikasema mara moja tu, bila hasira, "Mara hii tena." Kisha ikanyamaza. Nilimgeukia yule bibi, nikamwambia amshushe yeye, afanye lolote. Alitikisa kichwa huku machozi yakimtiririka. "Mimi nikimgusa nitamvunja, mwanangu. Aliyempandisha ndiye."

Tukangoja. Kivukoni siku ile palikuwa na watu hata feri ilishindwa kufunga mlango, tuliambiwa baadaye, na wengine walikuwa wakingoja tangu adhuhuri. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa nilipomwona mume wangu anakuja njiani. Anakimbia. Shati limechanika bega, gitaa amelinyanyua juu ya kichwa, na mfukoni mwake mna kibendera. Anacheka. Ya Rabi, alikuwa anacheka. Sijapata kumwona akicheka vile, tangu arusi yetu. Akaniona mlangoni, akapaza sauti kabla hajafika, majirani wote wakamsikia:

"Ameomba maji?"

Nimewahi kuzika wazazi wangu wote wawili, na nimezika mtoto. Hakuna nililopata kulifanya lililokuwa gumu kuliko kumjibu mtu yule.

Alipiga mpaka vidole vikachubuka. Alipiga kwa gitaa, akapiga kwa kayamba, akaimba kwa mdomo mtupu, kichwa cha mamake mapajani. Mavyaa hakupiga chafya. Yule bibi alisema mgeni aliyeahidiwa kuagwa kisha akakatizwa hasadiki tena. Ile sauti haikurudi, na yake mwenyewe haikurudi. Tulikuwa tukimlowesha midomo kwa pamba. Ramadhani haikumkuta.

Kwenye matanga alikuja mtu mmoja kutoka Changamwe, aliyewahi kufanya kazi na mume wangu kwenye reli. Alikaa jamvini, akatoa pole zake, kisha, kama watu wanavyotafuta neno la kumfariji mfiwa, akasema, "Ndugu yangu, siku ile uwanjani nilikuwapo. Ule mwisho uliopiga, ule wa polepole. Uwanja mzima ulitulia kimya, na gari la mkubwa linaingia. Mtoto wangu alikuwa akilia tangu asubuhi, akalala palepale."

Mume wangu akamtazama. "Uliusikia wote?"

"Wote. Mpaka likabaki kayamba, kisha likanyamaza."

"Alhamdulillahi," mume wangu akasema. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na sisi tuliokuwa ndani tukamsikia akilia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Hakupiga tena. Gitaa jekundu alimpa mmoja wa wale wenziwe, akarudi reli, na alipostaafu akawa anafuma matenga ya kuku. Waliokuja kumtaka apige aliwakaribisha chai. Sasa amelala karibu na mamake, Timbwani, na mimi ndiye ninayewapa watu chai.

Kila sikukuu ya uhuru huupiga ule wimbo redioni, nusu ileile ya santuri, na hukatika palepale. Mtangazaji huja akataja jina lake na kusema alikuwa fundi. Mimi nakuwa nimekwisha kuketi. Najua hakuna kinachofuata, nimeujua wimbo ule miaka yote hii. Lakini nangoja kidogo, na karibu yangu huweka kikombe cha maji.